Ghorofa Hukopa kwa Mtaa

Mhadhara wa afisa mipangomiji mstaafu mbele ya wakazi na wanafunzi wa taaluma ya ardhi, Dar es Salaam. Umehaririwa kidogo kwa ajili ya kuchapwa.



Nianze na kikao. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, nje ya ofisi ya serikali ya mtaa, huku kwetu Sinza. Ajenda ya tatu ilihusu kiwanja cha jirani yetu mmoja aliyefariki. Warithi walikuwa wamekiuza, na mnunuzi alikuwa amekuja na mchoro wa ghorofa nne. Akautandaza mezani, akatueleza vyumba vya kulala, vigae na jenereta. Alipomaliza, bibi mmoja aliyejenga hapo tangu miaka ya sabini akanyoosha mkono. "Mwanangu," akasema, "nyumba ni nzuri, hongera. Sasa hayo maji ya huko juu, yakishatumika, yatateremkia wapi?"

Watu wakacheka. Mjenzi naye akacheka, akasema, "Bibi, hilo la mafundi." Mwenyekiti akatukumbusha kuwa muda umekwenda, tukaingia ajenda ya nne.

Mimi sikucheka, lakini pia sikusema kitu, na hilo ndilo limenileta hapa leo. Mtu aliyesomeshwa na kulipwa kwa miaka mingi ili aulize swali lile alikuwa mimi. Aliyeliuliza ni bibi.

Mtaa uliopimwa kwanza

Vijana wanaoijua Sinza kwa baa na nyumba za wageni hushangaa nikiwaambia kwamba eneo hili lilikuwa jaribio. Katika miaka ya 1970 serikali, kwa fedha za Benki ya Dunia, ilianzisha mradi wa viwanja vyenye huduma katika miji saba ya nchi. Hapa Dar es Salaam mradi ulipima viwanja vipya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Wazo lilikuwa jepesi. Serikali haina uwezo wa kumjengea kila mtu nyumba, basi ipime viwanja, ichonge barabara, ivute bomba la maji, kisha mwananchi ajenge mwenyewe kwa kasi ya mfuko wake. Kwingine, kama Manzese, watu walikuwa wameshajenga, na mradi ulikwenda kuboresha pale pale walipo.

Wachumi walirudi miongo kadhaa baadaye kupima matokeo, wakitumia picha za satelaiti. Walikuta kwamba mahali palipopimwa kabla ya watu kuingia pana nyumba kubwa zaidi na zilizojipanga vizuri zaidi kuliko mahali palipoboreshwa baada ya watu kujenga. Mstari uliochorwa mapema uliendelea kufanya kazi hata pale waliouchora walipokwisha kustaafu. Mtu akijua mpaka wake hauhami, anaweka tofali bila hofu.

Lakini mstari ule ulichorwa kwa mji mwingine. Sensa ya 1967 ilihesabu Dar es Salaam watu 272,821. Sensa ya 2022 ilihesabu 5,383,728. Barabara za ndani za Sinza, upana wake, mabomba yake na mitaro yake vilikadiriwa kwa nyumba ya chini yenye familia moja na wapangaji wachache. Mji umekua karibu mara ishirini, na kichochoro kiko vile vile.

Tulijaa kabla ya ghorofa

Tunapobishana siku hizi juu ya maghorofa tunazungumza kana kwamba mtaa ulikuwa umelala na mjenzi ndiye aliyeuamsha. Haikuwa hivyo. Sisi wenyewe tuliujaza, tena bila kikao.

Ikumbukeni nyumba ya Kiswahili: baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na nyuma kuna uani penye jiko, choo na kamba ya kuanikia. Nyingi za nyumba zetu zilifuata mpango huo au wa karibu nao. Mwaka mmoja mwenye nyumba akajenga vyumba viwili vya uani ili ada ya mtoto ipatikane. Mwaka mwingine baraza likavunjwa zikajengwa fremu mbili, moja ya saluni na moja ya duka la vipuri. Mtoto wa kwanza akaoa, akaongezewa chumba ubavuni. Kiwanja kilichoanza na watu wanane kikawa na ishirini, na hakuna aliyeitisha mkutano wa kupinga vyumba vya uani kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa navyo.

Sababu ya pili ya mtaa kujaa ni mirathi. Waliopewa viwanja vile wakiwa vijana wamezeeka, wengi wametangulia mbele za haki. Nyumba moja inabaki kwa warithi saba. Mmoja yuko Mwanza, mwingine ana mgonjwa, wa tatu anadaiwa. Nyumba ya urithi haigawanyiki kama gunia la mchele, ila fedha zinagawanyika. Dalali analijua hilo, ndiyo maana wakati mwingine simu yake inafika kabla ya arobaini. Kwa hiyo mjenzi hakuvamia mtaa. Aliitwa, akafunguliwa geti, akauziwa.

Nalisema hili kwa sababu mjadala wetu umekuwa na uongo mdogo ndani yake. Tunamlaumu anayekuja kujaza, tunajisahau sisi tuliotangulia kujaza.

Wanaokataa na wanaotaka

Hata hivyo wanaokataa wana hoja, na wasidhihakiwe. Hoja yao kubwa nimeisikia kwa akina mama zaidi kuliko kwa wanaume, nayo ni stara. Katika nyumba zetu uani ni ndani. Ndipo mwanamke anapokaa bila ushungi, anapooshea watoto, wagonjwa wanapoota jua. Ukuta wa futi sita ulitosha kuulinda uani huo kwa miaka arobaini. Dirisha la ghorofa ya tatu linaufuta ukuta ule bila kugusa hata tofali lake. Huyo mama hajaibiwa ardhi, hajabomolewa nyumba, hati yake haijapungua hata sentimita moja, lakini hana uani tena. Katika fomu zetu za maombi ya kibali sijaona mahali pa kuandika hasara hiyo.

Halafu kuna upepo. Aliyeishi Dar es Salaam Februari hahitaji kuelezwa thamani ya upepo. Jengo linalosimama mita moja na nusu kutoka dirishani kwako limekupa kivuli usichokiomba na joto usilostahili, nawe utalilipia kwa umeme wa feni.

Upande wa pili yuko mtu ambaye hakuwa kwenye kikao chetu, wala hawezi kuwamo, kwa sababu bado hajahamia. Ni muuguzi kijana anayepanga Chanika na kufanya kazi mjini. Anaamka saa kumi alfajiri, anaunganisha magari, jioni anafika mtoto amelala. Tangu 2016 mabasi ya mwendokasi yanapita Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara hadi Kivukoni. Kila nyumba ndogo ya kupanga inayojengwa mahali pa kutembea kwa miguu hadi kituo cha Shekilango inamrudishia huyo kijana saa tatu za maisha yake kwa siku. Atakubali ghorofa ya nne isiyo na lifti. Mwenye nyumba akimtaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo atakopa, atalipa.

Na mji usipojaa ndani utatanuka nje. Mwaka 2002 serikali ilianzisha mradi wa viwanja 20,000 pembezoni mwa jiji, kama Bunju na Kibada. Ulikuwa mradi wa maana. Lakini kila tunapopima mbali tunajiwekea deni la barabara, bomba na nguzo za umeme, na wakati wa kulipa tunagundua kwamba tayari watu wamevuka hapo, wamejenga mbele zaidi. Anayekataa ghorofa Sinza, bila kujua, anapiga kura ya shamba kukatwa Mkuranga au Kisarawe.

Wote hawa, mama wa uani na muuguzi wa Chanika, wana haki. Kazi ya mipangomiji ni kukataa kumchagua mmoja na kumtupa mwingine.

Hesabu ya kiwanja kimoja

Sasa turudi kwa swali la bibi. Nimelifanyia hesabu, nanyi mnaweza kuifanya kwa kalamu mkiwa mmekaa.

Chukua kiwanja cha mita 15 kwa 20, yaani mita za mraba 300. Chukua nyumba ya zamani yenye watu 10. Mtu mmoja akitumia lita 80 za maji kwa siku, nyumba inatumia lita 800, na tuseme lita 640 zinakwenda shimoni. Uani ni mchanga. Shimo linajaa polepole na ardhi inakunywa.

Vunja nyumba hiyo, weka ghorofa nne zenye nyumba tatu kila moja. Hizo ni nyumba 12. Weka watu wanne kila nyumba, unapata watu 48. Matumizi ni lita 3,840 kwa siku, na shimoni zinakwenda zaidi ya lita 3,000. Pale ambapo hakuna bomba la majitaka la jiji, na mitaa mingi haina, kila siku tatu shimo linapokea zaidi ya lita 9,000. Gari la majitaka lenye tangi la lita 10,000 lingepaswa kuja mara mbili au zaidi kwa wiki. Nani atalilipia? Mnaijua desturi: haliji. Usiku wa mvua chemba inafunguliwa kidogo na maji yanapewa uhuru wa kwenda kwa jirani wa bondeni. Hapa kwetu bondeni ni Mto Ng'ombe, na Mto Ng'ombe unaelekea Msimbazi.

Mvua nayo ina hesabu yake. Masika ikinyesha milimita 50 kwa siku, kiwanja kile kinapokea lita 15,000. Zamani sehemu kubwa ilizama mchangani. Sasa kiwanja chote ni paa na pevingi, na maji yote yanatoka getini kwa mkupuo, yanaingia kwenye mtaro uliochimbwa kwa ajili ya nyumba ya chini. Na magari? Nusu ya nyumba zile zikiwa na gari moja moja, ni magari sita. Gari likiegeshwa linahitaji upana wa mita mbili na nusu. Sita mara mbili na nusu ni mita 15, upana mzima wa kiwanja. Bajaji ya mgonjwa itapita wapi?

Hiyo ndiyo maana ya kichwa cha mhadhara huu. Tunaambiwa mtu anajenga juu ya kiwanja chake. Si kweli. Msingi uko kiwanjani, lakini jengo linasimama juu ya mtaa mzima: linakopa mtaro wa huyu, upepo wa yule, uani wa mama, barabara ya wote na bomba la jiji. Kukopa si dhambi. Dhambi ni kukopa bila kuandikishana.

Tena kuna mkopo mmoja usiolipika. Machi 29, 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya jiji hili, lilianguka na kuua watu 36. Ilielezwa kuwa kibali kilikuwa cha ghorofa 10 na ujenzi ulikuwa umefika 16. Novemba 16, 2024, jengo lilianguka Kariakoo, na zaidi ya watu 20 wakafa. Pale mtaani tunapoambiwa "hilo la mafundi", tukumbuke kwamba wanaokufa si mafundi peke yao.

Ramani tuliyorithi

Wanafunzi mtaniuliza: kwa nini Sinza ibebe mzigo huu? Swali zuri. Wakoloni waliugawa mji huu kwa rangi kisha wakauita mgawanyo huo ujazo. Uzunguni kulikuwa na viwanja vikubwa, miti na upepo wa bahari. Uhindini kulikuwa na maduka chini na makazi juu. Uswahilini kulikuwa na viwanja vidogo, nyumba zikigusana. Uhuru ukabadilisha wakazi wa Oysterbay, lakini si ukubwa wa viwanja vyake. Leo tukisema eneo fulani ni la ujazo mdogo na lilindwe, mara nyingi tunalinda kalamu ya mtu aliyeondoka zamani.

Kwa hiyo kama mji unajazwa ndani, ujazwe kote. Kiwanja kikubwa cha karibu na bahari kinaweza kubeba nyumba nyingi bila kumziba jirani, na kikabakiza miti. Kiwanja cha mita za mraba 300 hakiwezi. Ni ajabu kudai ghorofa nne kwenye kiwanja kidogo na kulinda bustani kwenye kiwanja kikubwa, kisha tukaiita kazi hiyo utaalamu.

Jinsi ya kuandikishana

Sikuja kulalamika tu. Nina mapendekezo matatu.

La kwanza ni tangazo. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 ipo, na vibali vinatolewa na halmashauri. Mtaa ukiwa na haki ya kuuliza lakini hauna karatasi ya kusoma, haki hiyo haina meno. Ibandikwe getini na kwenye ofisi ya serikali ya mtaa karatasi moja ya Kiswahili chepesi: nyumba ngapi, watu wangapi wanakadiriwa, majitaka yatakwenda wapi, maji ya mvua yatashikwa wapi, magari yatakaa wapi, madirisha yanatazama upande gani. Tumezoea kugombania idadi ya ghorofa. Ghorofa tatu za vyumba vya wapangaji thelathini zinakopa zaidi kuliko ghorofa tano za familia tano. Tuhesabu watu kwanza.

La pili ni fedha. Anayeongeza mzigo achangie mtaro, na mchango huo uonekane kwenye mtaa uliobebeshwa mzigo. Mkazi anayeona tozo ya jirani imegeuka mfereji uliojengewa atavumilia vumbi la ujenzi kwa mwaka mmoja. Anayeona vumbi peke yake atakwenda mahakamani, na atakuwa na haki.

La tatu nalipenda kuliko yote: tuunganishe viwanja. Kosa kubwa la ujazaji wetu ni kwamba kila mtu anajenga peke yake, ukuta kwa ukuta, shimo kwa shimo. Viwanja vinne vikiungana vinatoa mita za mraba 1,200. Hapo panapatikana mfumo mmoja wa kusafisha majitaka, geti moja, maegesho ya ndani, uwanja wa watoto, na madirisha yanayotazama uwanja huo badala ya uani wa jirani. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008 inaruhusu mtu kuwa na hati ya nyumba yake iliyo ndani ya ghorofa. Maana yake wale warithi saba hawalazimiki kuuza na kutawanyika. Wanaweza kuingia ubia na mjenzi, wakabaki na nyumba zao mbili au tatu pale pale alipowalea mama yao.

Tumeshaona kitu cha namna hiyo, ingawa kwenye ardhi ya serikali. Magomeni Kota kulikuwa na nyumba za chini za zamani. Zikabomolewa, kaya 644 zikasubiri kwa miaka, na mwaka 2022 maghorofa mapya yakazinduliwa ili warudi. Kusubiri kule kuliumiza, na kuna mengi ya kusahihisha. Lakini ardhi ilipangwa kama kipande kimoja, na aliyetoka alikuwa na jina kwenye orodha ya wanaorudi. Mtaa wa watu binafsi unaweza kufanya hivyo kwa mkataba, mradi majirani wakubali kukaa meza moja.

Namalizia na bibi yetu. Mwezi uliopita alinipigia simu, akaniambia nipite nyumbani. Nikamkuta ameweka mezani mchoro wa ghorofa tatu. Anataka kujenga. Wanawe ni watano, na anaogopa kwamba akifumba macho watauza. Nikamwambia, "Shikamoo bibi, mimi nilidhani wewe ndiye kiongozi wa wanaopinga." Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto mzito wa kuelewa. "Sikupinga ghorofa," akasema. "Niliuliza maji."

Tukapiga hesabu pamoja, hii hii niliyowapa leo. Kiwanja chake peke yake hakitoshi. Nikamshauri azungumze na jirani wa nyuma, waunganishe. Akaguna. Kumbe na jirani huyo hawasemezani mwaka wa tisa sasa, sababu ni tawi la mwembe lililokatwa bila kuombwa. Nimewapelekea wote wawili ujumbe kupitia mjumbe wa shina. Wamekubali kukutana Jumamosi hii, kwa sharti kwamba mwembe usitajwe.

Maswali sasa, na nawaomba tuanze na akina mama.